Oksidi si mbegu ya alizeti

Juzi, kwenye utetezi wa tasnifu hapa Dodoma, nimeisikia tena: "Ukiongeza shinikizo usumaku unaongezeka, maana atomi zinasogeleana." Safari hii mtahiniwa alikuja na mfano kabisa: mashine ya kukamua alizeti, ukikaza zaidi mafuta yanazidi kutoka. Wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mimi nikanywa maji.

Jamani, usumaku haukai ndani ya oksidi (kiwanja cha metali na oksijeni) ukingoja kukamuliwa.

Kinachoniudhi hasa ni lile neno "umeongezeka". Upi? Spini ya kila atomi, yaani kile kisumaku kidogo kinachotokana na elektroni zake? Jinsi spini za majirani zilivyojipanga? Au halijoto ambayo mpangilio huo unavunjika? Hivyo ni vitu vitatu, na shinikizo linaweza kupandisha kimoja huku likishusha kingine.

Chukua SrFeO2, oksidi ya strontiamu na chuma, iliyotangazwa na watafiti wa Japani mwaka 2007. Hiyo ni SrFeO3 iliyonyang'anywa theluthi ya oksijeni. Kila oksijeni inayotoka inaacha elektroni mbili, na chuma kilichozoea kuzungukwa na oksijeni sita kinabaki na nne, zimelala bapa kama msalaba. Ni antiferomagneti: spini jirani zinaelekea pande zinazopingana, na mpangilio huo unadumu hadi kelvini 473, yaani nyuzi 200 za Selsiasi. Lakini sogeza msumari, hautikisiki. Hapo mtu anaandika "haina usumaku" na anataka nimpe alama.

Sasa ibane hadi gigapaskali 33 hivi, zaidi ya angahewa 300,000. Pengo la nishati kati ya obitali, yaani vitanda vya elektroni ndani ya atomi, linapanuka, elektroni zinaanza kulala wawili wawili kitanda kimoja kama wanafunzi wa bweni lililofurika. Zilizokuwa zinalala peke yake zilikuwa nne, zinabaki mbili: spini inashuka kutoka 2 hadi 1. Na hapo hapo oksidi inapitisha umeme kama metali, tena inageuka feromagneti: spini zote zinaelekea upande mmoja! Spini imepungua nusu, mvuto wa nje ndiyo kwanza unazaliwa. Mashine ya alizeti ieleze hilo.

Kuna jambo ambalo darasani huwa nalipita haraka. Tukiandika kwenye fomula oksijeni 2.75 badala ya 3, hiyo ni wastani tu. Tunaipima kabla ya kubana, kisha chembe ndogo kuliko chenga ya unga wa uwele inaingia kati ya almasi mbili, na tangu hapo tunaamini tu kwamba matundu, yaani nafasi zilizoachwa na oksijeni, hayajahama. Nilipokuwa masomoni niliwahi kupata kwenye grafu mkunjo mzuri sana wa mpito kama huo. Nilipolegeza shinikizo, sampuli haikurudi ilivyokuwa. Ni mbano, au matundu yalijipanga upya? Kwenye ripoti niliandika "mbano".

Mtahiniwa amefaulu, na marekebisho. Pembeni mwa ile sentensi yake nimeandika neno moja kwa kalamu nyekundu: Upi?