Kabila halipo? Muulize anayeleta posa

Juzi msibani, wali umeshaliwa na watu wamejinyoosha kwenye mikeka, shemeji yangu akanigeukia mbele ya wazee: "Dokta, si ninyi mnaofundisha watoto wetu kwamba kabila halipo?" Watu wakacheka. Nikacheka nao, maana msibani hugombani na shemeji. Lakini ni mara ya tatu mwaka huu kuisikia, na mbili za kwanza zilitoka kwa wanafunzi wangu wenyewe wa sosholojia, kwenye karatasi za mtihani: "Kabila limebuniwa na jamii, kwa hiyo si kitu halisi." Mmoja nilimpa nusu alama kwa huruma. Najuta.

Sehemu ya lawama ni yetu sisi walimu, kwa tafsiri. Hadithi ya kubuni kwa Kiswahili ni ile ambayo haikutokea. Ukimwambia kijana wa mwaka wa kwanza kwamba kabila, tabaka na jinsia vimebuniwa, umeshampeleka kwa sungura na fisi. Mimi husema vimejengwa. Nyumba haikuota kama mbuyu, watu waliijenga. Sasa kimbia gizani uugonge ukuta wake, halafu uje uniambie haupo.

Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa, alishalisema mwaka 1895: ukweli wa kijamii, yaani desturi, sheria na mazoea ya watu pamoja, uko nje ya mtu mmoja mmoja, na unambana. Basi.

Tuchukue pesa, kwa kuwa pesa haina ubishi. Tarehe 1 Juni 2019 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 zitakoma kuwa halali ifikapo 1 Oktoba. Karatasi ile ile, wino ule ule. Tarehe 30 Septemba ilikuwa pesa. Kulipokucha, aliyeisahau chini ya godoro alibaki na picha ya Kenyatta. Hapo shemeji atadakia: unaona, wakubwa wakisema tu, kitu kimekwisha! Polepole, shemeji. Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilianguka, na Benki Kuu yake ikaanguka nayo. Shilingi ya Somalia je? Watu waliendelea kuuziana nayo miaka na miaka, bila gavana wala serikali ya kuisimamia. Kila mmoja aliipokea kwa kuwa alijua jirani ataipokea. Sasa jaribu wewe peke yako kuamka asubuhi na kutangaza kwamba huiamini. Utalala njaa, nayo itaendelea kununua maziwa ya ngamia. Watu wote ndio wanaoishikilia, lakini hakuna mtu mmoja anayeweza kuiachia. Hilo tu ndilo ninalotaka lieleweke, na kila muhula nalirudia hadi koo linakauka.

Turudi kwenye kabila. Msukuma, kwa lugha ya kule kule, ni mtu wa kaskazini tu, akitazamwa na aliye kusini kwake. Jina "Kalenjin", yaani "nakuambia", lilishika miaka ya 1940, likawakusanya Wanandi, Wakipsigis, Watugen na wenzao chini ya mwavuli mmoja. Wapo wazee waliozaliwa kabla ya jina lenyewe. Je, ni mchezo kwa kuwa ni changa? Baada ya uchaguzi wa Kenya wa 2007 watu waliulizwa majina yao barabarani Bonde la Ufa, na jibu ndilo lililoamua nani apite. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 1,133. Nenda kawaambie waliozika kwamba kabila halipo.

Na shemeji mwenyewe? Posa ya binti yake ilipoletwa, swali lake la kwanza lilikuwa "Hawa ni watu wa wapi?" Kazi ya kijana aliiuliza baada ya chai.

Sasa niseme na kinachoninyima usingizi, kisichoandikwa kwenye vitabu vya mwaka wa kwanza. Tunajua kueleza jina likishashika. Nani alilitangaza, nani alinufaika, shule gani, redio gani. Tuleteeni majina kumi mapya mtuulize lipi litadumu, mtatuona tunakohoa. Halafu hili neno "jamii" ninalolitamka mara mia kwa siku. Durkheim aliposema jamii, mara nyingi alikuwa na Ufaransa kichwani. Mimi nikisimama Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, mama anauza nyanya upande huu, mdogo wake anauza upande ule, shilingi mbili tofauti, shuka moja ya Kimasai, jamii ni ipi hapo? Darasani huwa nasema "inategemea" na kugeukia ubao haraka.

Kuna binti wa safu ya mbele ameshanishtukia. Wiki iliyopita alinyoosha mkono kabla sijageuka.