"Anapata A ya Hesabu, Usonji Gani Huo?"

Muhula huu nimeulizwa hivyo na wazazi watatu na mwalimu mkuu mmoja, kila mmoja akidhani amenibana. Basi nijibu mara moja, nipumzike.

Usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo, haupimwi kwa alama. Mwanafunzi anaweza kumeza fizikia yote na bado kengele ya ghafla imtoe machozi. Tena shule ya upili ndiyo inayomlemea zaidi. Msingi alizoea walimu wachache; huku kila somo lina mwalimu wake na masharti yake, na kama ni shule ya bweni, hata usiku hana pa kujificha na kelele. Wengi hujikaza, wakaiga wenzao wanavyosalimiana na kutaniana, kisha likizo ikifika wanalipuka, au wananyamaza wiki nzima. Mwalimu anaapa kwamba darasani hana neno, jirani anasema mama kamdekeza. Mtoto amechoka tu.

Halafu kuna lugha. Mwanafunzi wangu mmoja aliambiwa, "Fungua dirisha hilo tena, jaribu uone!" Akajaribu. Akaandikiwa barua ya utovu wa nidhamu, ilhali yeye peke yake ndiye aliyetii. Huyohuyo, kwa insha ya "Mtaka cha mvunguni sharti ainame", aliandika kisa cha mtu aliyeinama akatoa kiatu. Na Hesabu ana A.

Nawaambia walimu mpaka wananikimbia: andikeni! Ratiba ibandikwe dawatini pake. Ikibadilika, aambiwe jana yake. Maagizo yawe ubaoni, moja baada ya jingine, na pawe na mahali patulivu anapoweza kwenda bila kuomba ruhusa mbele ya darasa zima. Yote haya yaingie katika mpango wake binafsi wa elimu, mzazi akiwepo unapotungwa. Marekebisho anayohitaji katika mtihani wa KNEC, baraza la mitihani la Kenya, nayo yaanzie mapema EARC, kituo cha kutathmini mahitaji maalum ya elimu, si wiki ya mtihani.

"Elimu maalum ni shule maalum." Hapana. Kwenye CBC, mtaala wa umilisi wa Kenya, anayeweza kufuata mtaala wa kawaida anaufuata, akirekebishiwa panapohitajika. Njia ya hatua (stage-based), inayoelekea masomo ya ufundi, ni ya wale ambao mtaala huo hauwafai. Kumhamishia huko kwa sababu tu ripoti imeandikwa "usonji" ni uvivu wetu.

"Hanitazami, ana kiburi." Wapo ambao wakikutazama machoni hawakusikii. Mwache atazame ukuta.

"Akibalehe utaisha." Hauishi. Baadhi yao ujana huja na kifafa, kwa hiyo akianza kuzubaa ghafla katikati ya sentensi, msimchape kwa kutosikiliza. Mpelekeni hospitali.

Na eti chanjo huleta usonji? Makala ya 1998 iliyozua uvumi huo ilifutwa na jarida lenyewe la Lancet mwaka 2010. Hilo sitalijibu tena.