Sonona kwa mgonjwa wa tiba shufaa: anza na muda uliobaki

Kauli inayowanyima tiba ya sonona wagonjwa wengi wa tiba shufaa, yaani wanaopunguziwa mateso ya ugonjwa usiopona, husemwa kwa nia njema: "Hata ningekuwa mimi ningehuzunika." Kweli. Lakini huzuni ya kawaida huja na kuondoka. Mjukuu akiingia, mgonjwa hutabasamu. Sonona haiachii. Ikidumu karibu siku nzima, wiki mbili mfululizo, huo ni ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza, na unatibika.

Kuitambua ni kazi, kwa sababu kukonda, uchovu, usingizi mbovu na kukosa hamu ya kula vyote huletwa na ule ugonjwa wa kwanza wenyewe, kama saratani. Sikiliza mengine: hafurahii hata wageni aliowapenda, anajiona mzigo, anasema ugonjwa ni adhabu, anatamani kufa kila siku. Uliza waziwazi, ndugu wakiwa nje: "Mzee, kuna kitu bado kinakupa raha? Umewahi kuwaza kujidhuru?" Swali halimpandikizii wazo. Akikiri kwamba amewaza kujidhuru, uliza amepanga nini, na dawa zote zishikwe na ndugu, hasa amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona na maumivu ya neva, maana ikizidi huua kwa kuvuruga mapigo ya moyo.

Kwanza tuliza maumivu. Morfini ya maji itolewe kila saa 4 bila kusubiri alie. Baadhi ya wagonjwa, maumivu yakitulia, huzuni nayo hupungua ndani ya siku chache. Aliyenyamaza ghafla, asubuhi hajui alipo, jioni anaongea vizuri, huenda amechanganyikiwa akili kwa maambukizi, upungufu wa maji au madini ya kalisi yaliyopanda kwenye damu. Huyo dawa ya sonona haitamsaidia.

Ukitarajia mgonjwa ataishi miezi, dawa ya sonona iitwayo fluoksetini, miligramu 20 asubuhi, inatosha. Aliyedhoofu aanze na 10. Setralini, ya kundi hilohilo, huanza na 25, kisha 50 baada ya wiki. Nafuu huonekana wiki ya 2 hadi ya 4, pengine ya 6, ilhali kichefuchefu huja wiki ya kwanza. Mwambie hilo mapema, la sivyo ataiacha kabla haijafanya kazi. Asiyelala wala kula humfaa mirtazapini, dawa nyingine ya sonona, miligramu 15 usiku, pale inapopatikana.

Kosa ninaloliona zaidi kwenye mafaili: mgonjwa anameza amitriptilini 25 usiku kwa maumivu ya neva, na imeandikwa kwamba sonona inatibiwa. Haitibiwi. Dozi ya sonona kwa kawaida ni 75 na kuendelea, na ikikutana na morfini choo hufunga, mkojo huziba. Ukiongeza fluoksetini juu yake, amitriptilini hupanda kwenye damu. Fluoksetini pia hudhoofisha tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti. Anayeitumia mpe setralini. Zikitolewa pamoja na tramadoli, dawa ya maumivu, dawa hizi za sonona huongeza hatari ya degedege. Diazepamu, dawa ya kutuliza inayotolewa kirahisi mno, humlaza tu.

Zikibaki wiki mbili tatu za kuishi, kidonge kipya cha aina hizi hakitawahi kufanya kazi. Muda huo utumike kutuliza maumivu, kumpa usingizi, sheikh au padri akimtaka, na kushughulikia yale yanayomkosesha amani: deni, shamba, nani atalea watoto.

Akishindwa kumeza, fluoksetini ikiachwa haina shida, hutoka mwilini polepole. Setralini ikikatishwa ghafla huleta kizunguzungu na wasiwasi kwa siku kadhaa. Ukiona kumeza kunaanza kuwa kugumu, ipunguze mapema.