Kovu la BCG na lango la vimelea vya TB: maswali na majibu

BCG, chanjo ya kifua kikuu (TB), ni kimelea hai. Mbona mtoto akichanjwa haugui kifua kikuu?

Kwa sababu kimelea hicho kimepokonywa silaha zake. Mwaka 1908, katika Taasisi ya Pasteur ya mjini Lille, Ufaransa, Albert Calmette na Camille Guérin walianza kuotesha kimelea cha kifua kikuu cha ng'ombe juu ya viazi vilivyolowekwa nyongo. Kila baada ya wiki chache walikihamishia kwenye viazi vipya. Walifanya hivyo mara 230, kwa miaka 13, mpaka kikawa hakiwaambukizi wanyama ugonjwa tena. Mtoto wa kwanza alipewa chanjo hiyo Paris mwaka 1921, na alinyweshwa, hakudungwa sindano.

Sababu ya kimelea kupoa haikujulikana kwa miongo mingi. Mwaka 1996 ilibainika kwamba BCG imepoteza kipande cha vinasaba kinachoitwa RD1, na kufikia 2003 ikaonekana kwamba kipande hicho ndicho hujenga mtambo wa kutolea protini uitwao ESX-1, yaani lango la kimelea. Watafiti waliporudisha RD1 ndani ya BCG, ukali ulirudi kiasi, si wote. Kwa hiyo kuna vingine vilivyopotea, ila hiki ni kikubwa.

Mtoto mwenye upungufu mkubwa wa kinga ana habari yake. Huyo hata BCG inaweza kumdhuru, kwa hiyo daktari huamua kwanza.

Huo mtambo hufanya nini mwilini?

Ukivuta hewa yenye vimelea vya TB, seli za ulinzi za mapafu huvimeza na kuvifungia ndani ya kifuko ili viuawe humo. Kimelea chenye ESX-1 husukuma nje protini, zikiwemo mbili zinazotoka zikiwa pacha, ESAT-6 na CFP-10. Mtambo huo ukifanya kazi, ukuta wa kifuko hutoboka na kimelea hupata njia ya kuenea. BCG haina mtambo huo, hivyo hubaki kifungoni.

Nilichanjwa utotoni, na sasa kipimo cha ngozi kimevimba. Nina TB?

Si lazima. Dawa inayodungwa kwenye kipimo hicho cha ngozi, kiitwacho Mantoux, ni mchanganyiko wa protini nyingi za kimelea cha TB, na nyingi kati ya hizo BCG inazo pia. Mwili unaoikumbuka chanjo unaweza kuvimba.

Hapa ndipo utafiti wa mitambo hii ulipolipa mapema kuliko wengi walivyotarajia. Kwa kuwa BCG haina ESAT-6 wala CFP-10, zilitengenezwa aina za vipimo vya damu vinavyotumia vipande vya protini hizo. Damu huchanganywa navyo usiku kucha, kisha hupimwa kama seli za kinga zimevitambua. Zikivitambua, chanjo si chanzo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza pia vipimo vipya vya ngozi vilivyojengwa juu ya protini hizo hizo.

Lakini hakuna hata kimoja kinachotofautisha TB iliyolala mwilini bila kuuguza na TB inayouguza. Vinasema tu kwamba mwili umewahi kukutana na kimelea.

Nimesikia kuna watafiti wanaopiga picha mitambo hiyo. Kivipi?

Wengi wao ni wa baada ya uzamivu, watu waliokwisha kupata shahada ya udaktari wa falsafa na kuajiriwa kwa mkataba wa miaka miwili au mitatu. Mkataba mzima unaweza kuishia kwenye protini moja, na sioni ajabu.

Tatizo la kwanza ni kimelea chenyewe: cha TB hugawanyika mara moja kwa takriban saa 20, na ni hatari kukilea. Kwa hiyo mara nyingi hutumia ndugu yake asiye na madhara, Mycobacterium smegmatis, anayegawanyika kwa saa tatu hivi. Mtambo wenyewe umejikita kwenye utando wenye mafuta. Hutolewa kwa sabuni laini, kama unavyotoa mafuta kwenye sufuria, na sabuni ikizidi mtambo husambaratika vipande vipande.

Ukitoka mzima, tone dogo huwekwa kwenye wavu wa shaba wenye upana wa milimita tatu. Karatasi hufyonza maji ya ziada, kisha wavu huzamishwa ghafla kwenye ethani, gesi iliyogeuzwa kimiminika chenye baridi kali mno. Maji huganda haraka kiasi cha kutopata nafasi ya kufanya fuwele, yakawa kama kioo. Hadubini ya elektroni hupiga maelfu ya picha hafifu, na kompyuta huziunganisha kuwa umbo moja. Mbinu hiyo iliwapa Jacques Dubochet, Joachim Frank na Richard Henderson Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2017.

Mwaka 2021 timu za Hamburg na Amsterdam zilionyesha hivyo umbo la ESX-5, ndugu wa ESX-1: sehemu sita zinazofanana zimepangwa duara, na katikati ndipo njia ilipo. Namna mzigo unavyovuka ukuta wa nje wenye nta bado ni fumbo.

Je, kuna dawa inayoziba lango hilo?

Hospitalini, bado. Wazo ni kumpokonya kimelea silaha badala ya kumuua, na kujua umbo ni hatua ya kutafuta kitu cha kuliziba.

Ninakohoa wiki ya tatu. Nikapime damu?

Hapana, nenda ukapime makohozi. Kipimo cha damu hakitakwambia kama unaugua sasa. Katika vituo vya umma vya Tanzania na Kenya, matibabu ya TB ni bure. Sukutua mdomo kwa maji, vuta pumzi ndefu, kohoa kutoka kifuani, ukiwa nje penye hewa mbali na watu. Mate matupu hayatoshi, maabara huyarudisha.