Kabla ya kulalamikia mavazi, tazama mwanamke huyo amepewa kazi gani

Malalamiko kuhusu namna wanawake wanavyoonyeshwa katika filamu, tamthilia, video za muziki na matangazo yameongezeka, na sisi wakaguzi wa kazi hizo, tunaoyashughulikia, tunayapokea kwa mikono miwili. Mtazamaji anayetenga muda wake kuandika anatusaidia kuliko anavyodhani. Shida ni kwamba barua nyingi zinafanana: "Huyo dada amevaa vibaya, mfungieni." Jina la kipindi halipo, saa haipo, na kilichotokea kwenye onyesho hakielezwi.

Naomba tuelewane. Urefu wa sketi si kipimo cha udhalilishaji. Mavazi tunayaangalia tunapopanga daraja la umri, yaani kuamua kama kazi itazamwe na watu wote au na watu wazima peke yao, na huko yana uzito wake. Udhalilishaji ni jambo jingine. Mwanamke anaweza kufunikwa kuanzia utosini hadi unyayoni na bado hadithi nzima ikamfanya mjinga asiyeweza kuamua lolote. Mwogeleaji naye anaweza kuwa na nguo ya kuogelea tu, akaonyeshwa kwa heshima zote kama mwanamichezo aliye kazini.

Tunachoanza nacho ni kamera. Chukua video ya muziki ya kawaida: mwanamume anayeimba anaonekana uso mzima, tena anatutazama machoni. Wanawake waliomzunguka kamera inawaanzia miguuni, inapanda mapajani, inatulia kiunoni, na mara nyingine picha inakatwa kabla haijafika usoni. Hawana jina, hawasemi, hawana shughuli ila kumzunguka. Mwaka 1975 mtaalamu wa filamu wa Uingereza, Laura Mulvey, aliandika kwamba sinema ya Hollywood imezoea kumweka mtazamaji upande wa mwanamume anayetazama, na mwanamke upande wa kutazamwa. Maneno hayo yanafundishwa vyuoni hadi leo kwa sababu mtindo wenyewe haujaondoka.

Baada ya kamera tunatazama kinachofuata baada ya tendo, na hapa ndipo tunapotofautiana zaidi na walalamikaji. Mume anampiga mkewe kofi katika kichekesho. Papo hapo vinasikika vicheko vilivyopandikizwa, mke anarudi jikoni, hadithi inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Onyesho hilo huchukua sekunde chache na karibu hakuna anayeliandikia barua. Tamthilia nyingine inaonyesha mwanamke akipigwa kwa muda mrefu, tunaona uvimbe, tunaona watoto wamejificha chini ya meza, tunamwona akienda kutafuta msaada. Hiyo ndiyo tunayoombwa kuifungia! Kwa jicho letu, ya kwanza ndiyo yenye tatizo, kwa sababu imewaambia watazamaji kwamba kipigo ni utani. Ya pili inahitaji daraja la juu la umri na tahadhari mwanzoni, basi. Kuonyesha ukatili si sawa na kuushangilia, na kila mara tunapoulizwa kwa nini hatufungi kazi za namna hiyo, jibu letu ni hilohilo.

Kuna pia kipimo ambacho wengi wamekisikia, kilichotokana na katuni ya mchoraji wa Marekani Alison Bechdel mwaka 1985: filamu iwe na wanawake wawili, wazungumze wao kwa wao, na wazungumzie kitu kingine zaidi ya mwanamume. Ni kipimo chepesi na kinafumbua macho, lakini si sheria, na mtu asituletee filamu "iliyofeli" akadai tuchukue hatua. Filamu inaweza kukipita huku ikiwadhalilisha wanawake dakika zote zilizobaki. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: huyu mhusika anataka nini yeye mwenyewe? Msichana mpenda pesa, mama mkwe mkorofi, msomi aliyekosa mume kwa kiburi. Mwandishi akiwatumia hawa kila mara bila kuwapa sababu ya kuwa walivyo, mtazamaji mdogo anajifunza kwamba wanawake ni aina tatu au nne tu.

Watu wengi pia huamini kwamba lalamiko bila maelfu ya sahihi halisikilizwi. Si kweli. Uingereza ilianza kutumia Juni 2019 kanuni inayokataza matangazo yenye dhana za kijinsia zinazoweza kuleta madhara. Agosti mwaka huohuo tangazo la gari la Volkswagen lilizuiwa kwa malalamiko ya watu 3. Lilionyesha wanaanga wanaume wakielea angani, mwanariadha mwenye mguu wa bandia akiruka, kisha mwanamke ameketi kwenye benchi kando ya kigari cha mtoto. Hakukuwa na paja wala kifua. Kilichoangaliwa ni mpangilio: wanaume wanatenda makubwa, mwanamke ametulia na malezi.

Sasa utaratibu. Andika jina la kazi, chaneli au ukurasa ulipoiona, tarehe na saa. Kama ni ya mtandaoni, weka linki pamoja na picha ya skrini, maana maudhui hufutwa haraka. Taja dakika na sekunde. Eleza kilichoonyeshwa kabla ya kueleza hisia zako: nani alifanya nini, nani alisema nini, kamera ilikaa wapi, kilifuata nini. Kisha sema unadhani kuna madhara gani na kwa nani. Weka jina lako na namna ya kukupata, kwa sababu tunaweza kuhitaji maelezo ya ziada, nawe una haki ya kujulishwa uamuzi. Mmiliki wa kazi hupewa nafasi ya kujibu kabla ya uamuzi wowote. Hiyo si kumlinda, ni haki yake ya kusikilizwa. Upande usioridhika hukata rufaa, na muda wa kukata rufaa umeandikwa ndani ya barua ya uamuzi. Tafadhali isomeni barua hadi mwisho.

Adhabu hutofautiana kwa sheria za kila nchi. Nyingi huanza na kuhariri onyesho, kuhamisha saa ya kurushwa, kupandisha daraja la umri au onyo la maandishi. Kuondoa kazi nzima huja baadaye. Faini nazo zipo. Ufaransa, tangu Oktoba 2017, picha ya tangazo ambamo umbo la mwanamitindo limepunguzwa au kunenepeshwa kwa kompyuta lazima iandikwe kuwa imerekebishwa, na anayekiuka anaweza kutozwa euro 37,500, au hadi asilimia 30 ya gharama za tangazo. Norway ilifuata Julai 2022, na huko sheria inawabana hata watu maarufu wa mitandaoni wanaolipwa kutangaza bidhaa.

Picha au video bandia za ngono zilizobandikwa uso wa msanii ni suala tofauti kabisa. Nchi nyingi sasa zinalihesabu kuwa kosa la jinai, kwa hiyo pa kwenda kwanza ni polisi. Na nawasihi sana: msituonyeshe kwa kuisambaza. Kila anayeituma kwenye kundi akiandika "oneni aibu hii" anamwumiza upya yule mwanamke, na baadhi ya sheria zitamhesabu naye kuwa msambazaji.

Kwa waandishi na waongozaji, mashauriano hufanyika kabla ya kupiga picha. Mkileta muswada, wekeni alama kwenye kila onyesho lenye kipigo, unyanyasaji wa kingono au mtoto, na mwandike kwa nini lipo na mhusika anabaki na hali gani baada yake. Ukurasa mmoja unatosha.