Taimingi ya moto si mkanda wa taimingi

Mtu anaposema kwamba gari lake limepangwa taimingi kwa sababu tu limefungwa mkanda mpya, huwa amechanganya mambo mawili yanayotumia jina moja. Taimingi ya moto ni pembe, inayohesabiwa kwa digrii za mzunguko wa krankshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni), ambayo plagi hutoa cheche pistoni ikiwa bado haijafika juu kabisa. Cheche hutangulia kwa sababu mchanganyiko wa petroli na hewa hauungui wote papo hapo, na msukumo mkubwa unatakiwa uikute pistoni ikiwa imekwisha kuanza kushuka.

Jina lenyewe lina lawama yake. Ni neno la Kiingereza lenye taimu ndani yake, kwa hiyo msikilizaji hufikiria sekunde. Hata hivyo, injini inayozunguka mara 1,000 kwa dakika hupita digrii 10 kwa takriban milisekunde 1.7, na ikifika mizunguko 3,000 huzipita digrii hizo hizo kwa milisekunde 0.6 hivi, ilhali muda wa kuungua haupungui kwa kiasi hicho. Ndiyo maana cheche huwahishwa zaidi kadiri injini inavyoongeza kasi, kazi ambayo zamani ilifanywa na vyuma vidogo vinavyosukumwa nje na mzunguko ndani ya distributa (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi), na sasa hufanywa na kompyuta.

Mkanda, kwa upande wake, huunganisha krankshafti na kamshafti (mhimili unaosukuma valvu) ili valvu, yaani milango ya kuingiza mchanganyiko na kutoa moshi, zifunguke na kufungwa panapostahili. Mkanganyiko unazidi pale distributa inapozungushwa na kamshafti, kwani mkanda ukikosewa jino moja, cheche nayo husogea. Fundi mwenye haraka hulegeza distributa, akaizungusha mpaka alama ya puli ikae sawa chini ya taa ya kupimia taimingi ya moto, akakaza bolti. Cheche imerudi mahali pake, lakini valvu zimebaki zilipokosewa. Gari linawaka, linakosa nguvu mlimani, na mwenye gari anaambiwa kwamba taimingi imepimwa na iko sawa, jambo ambalo si uongo, ila ni nusu ya habari.

Kwa hiyo anayezungusha distributa amepanga moto, na anayelinganisha alama za puli za mkanda amepanga valvu; ingetosha kila mmoja aseme ni taimingi ipi aliyoigusa.