Kwa nini saa haioni hatua za mwenye magoti mabovu?

Mwangalie mtu mwenye baridi yabisi akitembea kwa fremu. Mikono yote miwili imeikamata, nyayo zinaburura sakafu. Amevuka chumba kizima kwa maumivu, lakini akitazama saa yake ya kuhesabu hatua, nambari karibu iko palepale. Inaumiza, na wengi hapo ndipo huivua wasiivae tena.

Saa hiyo ni nzima. Ndani yake mna chipu ndogo kuliko punje ya mchele, yenye meno membamba ya silikoni yaliyopishana kama vitana viwili. Kitana kimoja kimeshikizwa, kingine kinaning'inia. Mkono ukitikisika, kile kinachoning'inia huchelewa kidogo, nafasi kati ya meno hubadilika, na chaji ya umeme hubadilika nayo. Programu hutafuta humo mdundo unaojirudia. Kwa hiyo saa ya mkononi haioni mguu hata kidogo: inaona mkono unaopunga, kisha inakisia hatua. Mitikisiko hafifu huitupa, la sivyo hata kukoroga chungu kungehesabiwa kuwa matembezi. Anayechechemea polepole, au aliyeshika fremu, hutupwa pamoja nayo. Kifaa kilichoundwa kuvaliwa kwenye kifundo cha mguu humsoma vizuri zaidi.

Halafu kuna lile lengo la hatua 10,000, ambalo limewavunja moyo wagonjwa wengi bila sababu. Lilitoka Japani mwaka 1965, kwenye jina la kifaa cha biashara, Manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Daktari hakulipima kwanza. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, uliofuata watu wapatao 1,800 wenye gegedu la goti (tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) lililolika au walio katika hatari hiyo, ulikuta kwamba waliotembea takriban hatua 6,000 kwa siku hawakuelekea sana kupoteza uwezo wa kutembea na kuinuka miaka miwili baadaye.

Kutembea kwenyewe kuna kazi. Gegedu halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo, unaoingia na kutoka kadiri linavyobanwa na kuachiwa, kama sifongo. Kinachomponza mgonjwa mara nyingi ni siku nzuri: anajisikia mwepesi, anamaliza kazi zote, kisha analala siku tatu. Hapo ndipo ninapoipenda saa. Rekodi ya wiki mbili humwonyesha kiasi anachokimudu bila kulipia kesho yake, na kutoka hapo anaweza kuongeza kidogo kidogo.

Ila ijaribu kwanza. Tembea hatua 100 ukizihesabu kwa mdomo, uone saa imeandika ngapi. Rudia siku ambayo goti limevimba, kwa sababu ukichechemea zaidi, saa nayo hukosa hatua nyingi zaidi, na siku iliyokugharimu sana inaweza kuonekana kama siku ya mapumziko.